Jiwe Linalotaja Watu

"Anapanda. Ghorofa ya tatu."

"Mwacheni, huyo wangu," Mkunga alijibu kwenye kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye kola yake.

Aliyekuwa anafukuzwa aliitwa Kwato, na jina hilo alipewa kwa ajili ya mbio zake. Alikuwa kibaraka wa Manukato, muuza silaha wa ng'ambo ya mpaka. Muda mfupi uliopita alikuwa amekaa kwa kinyozi anatengenezwa ndevu. Akaona Hilux nyeusi imeziba mlango, akatoka nduki na povu shavuni, shuka la kinyozi likipepea mgongoni.

Mkunga hakukimbia. Alikuwa na miaka arobaini na ushei na goti bovu la kushoto. Isitoshe, jengo lile la kuegesha magari alilijua vizuri. Ngazi za nyuma zilifungwa kwa mnyororo tangu asubuhi, na aliyezifunga ni yeye mwenyewe.

Kwato aliukuta mnyororo. Akautikisa, akatukana, akageuka na kisu mkononi.

"Hee! Na kisu tena?" Mkunga aliuliza.

Bastola yake, Glock 19, ilikohoa mara moja kupitia kizuia sauti. Kisu kilianguka sakafuni, na nusu ya kidole gumba ikaanguka nacho.

Kazini, kwenye idara ya ujasusi, walimwita Mkunga, na si kwamba aliwahi kuvaa gauni jeupe la wodi ya wazazi. Walimwita hivyo kwa sababu hajatokea mtu aliyelala mikononi mwake akaondoka na mimba yake ya siri. Wapo wanaozaa kwa urahisi. Wengine lazima wachanwe.

Kwato alizaa kwa kidole cha tatu.

"Dereva wetu amekufa kule kwa Manukato," Mkunga alisema, amepiga goti lake zima juu ya kifua cha jamaa. "Akafuata dobi. Akafuata fundi wa jenereta. Nani anawataja?"

"Simjui! Haki ya Mungu simjui!"

"Mnapokea kwa simu?"

"Hapana, dada..."

"Mimi si dada yako."

Kidole kilivunjika. Kwato alilia mpaka mate yakamtoka.

"Jiwe! Wanatajwa na jiwe! Jiwe la angani!"

Mkunga alidhani akili imemruka kwa maumivu. Lakini Kwato, kwa mkono uliobaki mzima, alichomoa Samsung yake na kufungua ukurasa wa kituo cha falaki, kile cha darubini kilichoko mlimani. Palikuwa na mchoro wa nukta nyingi nyeusi, zinapanda na kushuka mithili ya vilima viwili.

"Hili ni jiwe. Wanaliita asteroidi. Linazunguka jua, na huku linajizungusha lenyewe," Kwato alisema. "Likigeuka, mwanga wake unapanda, unashuka. Wapimaji wanaupiga picha usiku kucha, kila picha inakuwa nukta. Nukta zote zinakaa kwenye mstari mmoja. Ila kwenye mchoro wetu kuna chache zimeinuliwa kidogo. Unahesabu mpaka ufike iliyoinuliwa. Ikiwa ya kwanza ni A, ikiwa ya pili ni B. Unaanza tena kuhesabu. Manukato anasoma mwenyewe. Hamwamini mtu, analiamini jiwe tu, maana halijamdanganya hata mara moja."

"Dunia nzima inaona?"

"Dunia nzima inaona vilima."

Jamani, wapo watu wana akili, halafu wanazitumia kwa uchafu.

"Leo linamtaja nani?"

"Mchoro unatoka kabla jua halijazama. Mpimaji alinidokezea kwamba safari hii ni mtu wa jikoni, nikamwambia Manukato. Jiwe linataja kazi ya mtu, si jina; hiyo ataisoma mwenyewe."

Jikoni kwa Manukato palikuwa na mtu wao mmoja tu, mpishi. Na huyo mpishi alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa naye, kitinda mimba wa mama yao. Nyumbani wote waliamini kijana anachomelea meli bandari za mbali. Mama yao alikuwa anamwombea baharini, maskini, wakati mwanawe anakatakata vitunguu kwenye nyumba ya muuaji.

Na kumpigia simu haikuwezekana. Simu ya setilaiti ya mpishi, Thuraya, ilifukiwa ndani ya pipa la unga. Alikuwa akiiwasha mwenyewe kila siku baada ya kutoa chakula cha jioni, kwa dakika chache tu, kisha anaizima.

Mkunga aliushusha ukurasa mpaka chini kabisa, mahali pa jina la mpimaji.

Jina hilo alikuwa amelisoma kwenye kadi ya harusi ya dada yake mkubwa, harusi ambayo yeye alishika shela.

Shemeji.

*

Aliwaachia vijana wake wamfunge Kwato na kumpeleka panapostahili kwa gari jingine, akachukua usukani wa Hilux peke yake. Alimpigia Mkuu wa idara akiwa tayari barabarani.

"Sema," Mkuu aliitika.

"Nimempata anayetaja. Ni mtu wa familia."

"Familia ya nani?"

"Yangu."

Mkuu alivuta pumzi. "Nitume mtu mwingine?"

"Atachelewa. Nipe ruhusa."

"Fagia. Usiache vumbi."

Barabara ya mlimani ilikuwa mbovu, na Mkunga hakuihurumia gari wala goti lake. Alikuwa analiangalia jua. Jua nalo, kama kawaida yake, halikuwa na habari na mtu.

Kituo cha falaki mchana ni mahali pa ajabu. Watu wa pale wanakesha na darubini, kwa hiyo saa ambazo wenzao wanachapa kazi wao wamelala. Kuba nyeupe zilikuwa zimefungwa. Ndani, korido ndefu ilikuwa na mapazia meusi kwenye kila dirisha, kandambili zimepangwa milangoni, na kibao ukutani: KIMYA, WATU WAMELALA. Mlinzi alipotaka kuuliza, Mkunga alimwonyesha kitambulisho, akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe. Mlinzi akarudi kwenye kiti chake bila kelele.

Mlango wa mwisho ulikuwa na mwanga chini yake.

"Shem!" Shemeji aligeuka, sweta limetoboka kiwiko, kikombe cha chai iliyopoa mkononi. "Karibu, karibu! Leo umetukumbuka? Umepotea wewe! Dada yako anajua uko huku?"

"Hajui," Mkunga alisema, akafunga mlango kwa ufunguo.

Kwenye skrini kulikuwa na vilima viwili vya nukta. Nukta tatu zilikuwa zimenyanyuliwa juu ya mstari, kidogo tu. Mkunga alihesabu bila kuketi.

M.

P.

I.

Aliitoa Glock, akaiweka mezani kando ya kikombe. Shemeji aliitazama, na tabasamu likamfia mdomoni.

"Shem, mimi sijaua mtu," alisema kwa sauti ndogo. "Niliinua nukta. Nukta tu."

"Ulizipata wapi hizo kazi za watu?"

"Kwenye tableti ya dada yako. Anarudi nayo kutoka masijala yenu. Akiingia kuoga..."

Dada mtu alikuwa mtunza mafaili wa idara, mwaminifu mpaka anakera, mtu wa kurudisha kalamu ya ofisi akigundua ameondoka nayo.

"Wakakupa nini?"

Shemeji aligeuza macho kwenye picha iliyobandikwa ukutani. Ilikuwa picha ya kamera, silinda ya fedha yenye nyaya na mirija ya kupoozea, imefungwa kwenye kitako cha darubini.

"Hiyo," alisema. "Unajua nimeomba kamera tangu lini? Tangu sijaoa. Ya zamani ilikuwa inaniletea ukungu, naambiwa nipime na ukungu. Akaja yule Kwato, anasema kuna wafadhili. Shem, sasa jiwe la ukubwa wa kiwanja cha mpira, mbali kuliko mwezi, naliona linavyojigeuza! Naona ubavu wake ukiingia gizani. Hakuna mtu aliyewahi..."

Macho yalikuwa yanamng'aa. Bastola iko mezani, watu watatu wako kaburini, na yeye anang'aa macho. Huyo ndiye shemeji. Alipenda mawe ya mbinguni kuliko alivyowahi kupenda kitu chenye damu.

"Huyu mpishi unamjua?" Mkunga aliuliza.

"Nitamjuaje? Ni neno tu kwenye tableti."

"Alikusimamia harusini."

Shemeji hakuelewa. Halafu akaelewa, polepole.

"Yule... si anachomelea meli?"

"Hajawahi kuona meli. Yuko jikoni kwa Manukato, na ulikuwa umebakiza herufi tatu umuue."

Shemeji aliinamia kapu la taka, akatapika chai yote. Mkunga alimsubiri. Hakumpa hata kitambaa.

"Nafuta," Shemeji alisema akijifuta kwa mkono wa sweta. "Nafuta yote, shem. Leo mchoro hautoki. Nasema kulikuwa na mawingu."

"Kwato ameshamwambia ni mtu wa jikoni. Jiwe likikaa kimya, Manukato atalichinja jiko zima kwa kujihakikishia. Mchoro utatoka. Utataja mtu mwingine, naye analiamini jiwe kuliko Kwato."

"Nani?"

"Andika MDOGO WAKO."

Manukato alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume. Yeye ndiye aliyeshika marubani na njia za ndege. Bandani kwao kulikuwa na masanduku ya makombora ya begani, ya kuangushia ndege za abiria, yanasubiri kuvuka mpaka. Kaka mtu alikuwa na fedha na visu, lakini marubani walimsikiliza mdogo. Asipokuwepo, masanduku hayaendi popote.

"Amefanya nini huyo mdogo?" Shemeji aliuliza.

"Anapanga ndege."

"Ameua?"

Mkunga alijua jibu. Katika simu zake za dakika chache, mpishi aliwahi kusema kwamba nyumba ile nzima ina mtu mmoja anayerudisha sahani jikoni mwenyewe na kusema asante. Naye ni huyo mdogo. Alikuwa anaogopa bunduki, alikuwa anafuga njiwa, na kazi ya ndege aliifanya kwa kumwogopa kaka yake.

"Andika," Mkunga alisema.

Shemeji alirudi kwenye kibodi. Alizishusha nukta zile tatu mahali pake, akaanza upya. M. D. O. G. O. Nje, jua lilikuwa limegusa kuba ya kwanza. W. A. K. O.

"Tayari," alisema, na mkono wake ukaenda haraka kwenye kitufe cha kurusha.

"Toa mkono."

"Jua linazama, shem!"

"Nimesema toa mkono."

Mkunga aliusogelea mchoro. Herufi alizihesabu, zilikuwa sawasawa. Nukta zilikaa vizuri. Lakini kuna kitu kilimkera, na hakukijua ni kitu gani. Akatazama tena.

Kilima kilikuwa kimoja.

Hapo akakumbuka viazi. Tangu shemeji huyu aoe, kila akija kula kwa mama mkwe lazima achukue kiazi, akichome uma, akizungushe mbele ya taa. "Mama, tazama. Shavu pana, ncha. Shavu pana, ncha. Mzunguko mmoja, mwanga unapanda mara mbili! Jiwe refu lina mashavu mawili. Mwanafunzi akiniletea kilima kimoja, huyo ameukata mzunguko nusu, namrudisha darasani." Mama mkwe anatikisa kichwa kwa heshima, watoto wanacheka, Mkunga anapiga miayo. Miaka yote hiyo alidhani anapoteza muda wake.

"Shavu lingine la jiwe liko wapi?" aliuliza.

Shemeji aligeuka rangi ya majivu.

"Hili ni kosa la mwanafunzi," Mkunga alisema. "Wewe huwezi kulifanya hata ukiwa na homa. Nalo Manukato amefundishwa. Kilima kimoja maana yake nini?"

"Shem..."

"Maana yake nini?"

"Usiamini," Shemeji alinong'ona. "Maana yake nimeshikwa, usiamini neno. Nilitaka asife mtu! Asimuue huyo mdogo wake, asimuue yeyote!"

"Akijua umeshikwa, ataanza na jikoni. Hilo hukuliwaza?"

Alikuwa analia sasa, kwikwi za mtu mzima asiyezoea.

Mkunga hakumpiga. Alitoa simu yake ya kawaida, akaibonyeza, akaiweka mezani, spika imefunguliwa. Iliita mara mbili.

"Wee! Mzima?" Sauti ya dada mkubwa ilijaa chumbani, na nyuma yake maji ya bomba yanamwagika.

"Mzima, dada. Nimepita huku mlimani, niko na mumeo."

"Heri yako wewe unayemwona! Mwambie koti ameliacha kitandani. Kifua chake si cha baridi kile, mwambie akiugua mimi simuuguzi." Alicheka. "Mume wangu! Unanisikia?"

Mkunga aliinua Glock, akaielekeza kwenye goti la shemeji yake, akamwinulia nyusi.

"Nakusikia," Shemeji alisema. "Nitavaa sweta mbili."

"Unalia wewe?"

"Mafua."

"Si nilisema! Ndiyo hayo!"

Mkunga aliziba tundu la kusemea la simu kwa kiganja. "Nimwambie sasa hivi kuhusu tableti na bafu?" aliuliza taratibu. "Nimwambie nani angekufa leo? Au unaandika?"

Shemeji aliangalia simu. Maji ya bomba yalikuwa bado yanamwagika, na dada alikuwa anauliza kama wapo au wamepotea hewani. Mikono yake ikarudi kwenye kibodi. Aliurudisha mzunguko wa jiwe kwenye urefu wake wa kweli, na nukta zikatengana zenyewe, zikajipanga vilima viwili, kimoja kirefu kidogo kuliko mwenzake.

Mkunga alihesabu herufi upya, moja moja, mpaka ya mwisho.

"Dada, nitakupigia baadaye," alisema, akakata.

Akabonyeza kitufe mwenyewe. Mchoro ukaenda.

Shemeji alijilaza kwenye kiti, macho kwenye bastola. "Sasa niue. Ila isiwe hapa, watu wamelala."

"Nikuue wewe? Nani atapima?" Mkunga aliirudisha Glock kiunoni. "Kuanzia leo jiwe ni letu. Utapima kila usiku, na siku nikikupa neno utaliandika, vilima viwili. Jumapili utakuja kwa mama na mkeo kama kawaida. Utakula, utatania watoto. Dada hatajua, na wewe utakaa naye ukijua kwamba mimi najua."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

Akafungua mlango. Nyuma yake alimsikia Shemeji akiomba, kwa sauti ya chini ili asiwaamshe wenzake, afadhali ampige risasi. Mkunga aliufunga mlango polepole kwa adabu, kama kibao kilivyotaka.

*

Alikuwa ameegesha mjini, chini ya taa ya kituo cha mafuta, Mkuu alipopiga.

"Vijana wameingia bandani. Masanduku yote wameyatia mkononi. Marubani wametawanyika kama kuku, hakuna aliyeinua hata gobole. Umefanyaje?"

"Nimemnyamazisha waliyekuwa wanamsikiliza."

"Na yule wa mlimani? Umefagia?"

"Hapana. Nimemwajiri."

Mkuu alicheka kicheko kifupi, akakata simu.

Muda si mrefu Thuraya yake ikatetemeka kwenye kiti cha pembeni. Mkunga aliidaka kabla haijatetemeka mara ya pili.

"Nipo," alisema.

Kwanza alisikia pumzi tu, na kwa mbali mwanamke akiomboleza.

"Dada," mpishi alisema.

Mkunga alifumba macho. Yuko hai.

"Dada, Manukato amemuua mdogo wake. Mezani. Nilikuwa nimebeba bakuli la supu, niko hatua mbili kutoka alipo. Alitazama simu yake, akanyanyuka, akamzunguka kwa nyuma. Yule hakukimbia hata kidogo. Alikuwa anamwambia kaka, kaka, nimefanya nini, kaka."

"Umeumia?"

"Sijaumia. Manukato amekaa chini, amempakata, anamwimbia. Walinzi wanaogopa kumsogelea. Mimi nimeambiwa niifute meza."

"Sikiliza. Acha meza. Gari yetu imefichwa nyuma ya ghala la chumvi. Toka sasa hivi."

"Yule mtu hakuwa na kosa, dada. Hakuwahi kutuma habari popote, mimi ndiye nilikuwa natuma. Nani alimtaja?"

Angeweza kumdanganya. Kudanganya ndiyo ilikuwa kazi yake, na alikuwa anaifanya vizuri kuliko wote idarani. Lakini huyu alimbeba mgongoni akiwa na meno mawili.

"Mimi," alisema.

"Kwa nini?"

"Ilikuwa yeye au wewe."

Mwanamke wa kule aliendelea kuomboleza, akapokewa na mwingine.

"Ungeniuliza kwanza, dada," mpishi alisema, na simu ikakatika.

Mkunga aliishika Thuraya sikioni kwa muda, halafu akaizima na kuitia mfukoni. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Alishuka, akaifunga Hilux, akafunga vifungo vya koti na kuvuka barabara bila haraka hadi kwenye mgahawa uliokuwa bado wazi. Aliagiza chakula, akala mpaka sahani ikawa nyeupe.